Aliyeitika Bukini

Mwarandu alirudi Junda kwa likizo akiwa na tabia ya kuitika bila kuitwa. Siku ya kwanza Jumwa, mkewe, alicheka. Mume amekaa jamvini, tonge la sima li mkononi, mara karuka wima na kusema "Naam!" kwa sauti iliyowatawanya kuku uani.

"Nani amekuita, babake Kaviha?"

"Hukusikia?"

"Hapa tupo mimi na mwanao tu, na midomo yetu imejaa sima."

Akaketi, lakini hakula tena. Jumwa alipoinama kuondoa sahani alinusa mafuta ya meli na mwani uliooza, ingawa mumewe alikuwa ametoka kuoga kwa maji ya kisima. Kicheko kikamwisha.

Mwaka huo wa 1942 Mwarandu alikuwa baharia kwenye manowari ndogo ya kufagia mabomu. Waingereza walipokwenda kukivamia kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, meli kama yake ndizo zilizotangulia, zikikokota waya mrefu wa kukata minyororo ya mabomu yaliyotegwa majini, ili meli za askari zipite salama. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma kabisa na kuutazama waya ule.

Sasa, watu wa pwani tuna kawaida yetu. Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe mara ya tatu, kwa kuwa jini huita mara mbili tu. Mwarandu alilelewa hivyo tangu utotoni. Lakini kambini Kilindini afisa alimkimbiza uwanjani mchana kutwa, bunduki juu ya kichwa, kwa kosa la kuchelewa kuitika. Jeshini ukiitwa mara moja, unaitika na mbio juu. Akafunzwa, akafunzika. Wazungu wale walijua mabomu, na mengine ya baharini hawakuyajua kabisa.

Basi asubuhi ya uvamizi, mizinga ikinguruma ufuoni, aliitwa kutoka majini, kule waya ulikozama. Ilikuwa sauti ya mamake. Akasimama wima, akaitika, "Naam!"

Faraj, rafiki yake wa Kisauni aliyekuwa ubavuni mwake, akamshika mkono. "Wamwitikia nani weye?"

"Mama ameniita."

"Mamako tulimzika mwaka juzi, Mwarandu. Wallahi, hapa hakuna aliyefungua kinywa."

Waya, uliokuwa umekaza, ukalegea.

Jumwa alipoyasikia haya kwa mumewe hakungoja. Kesho yake alimpeleka mumewe kwa Bi Mwanasaumu, mganga wa Kisauni. Bibi akafukiza udi, akaandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, akaziosha kwa maji, akamnywesha. Mwarandu akatetemeka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke, taratibu, haina haraka: "Nimeita, nimeitikiwa. Nimekuja kuchukua changu."

"Mwanangu," Bi Mwanasaumu akamnong'oneza Jumwa, "huyu hatoki kwa ngoma. Siku saba mumeo asimwitikie mtu, hata wewe. Jini akiita akakosa jibu siku saba, atarudi kwao. Mumeo akiitika hata mara moja, amekwenda naye."

Wakaanza kuhesabu. Mwarandu alikaa ndani, kitambaa kati ya meno, na kila alipoitwa jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ikamsimama, miguu ikapiga sakafu ya udongo kama anayekimbizwa uwanjani. Jumwa hakusikia mwito wowote. Alisikia waya tu, ukivuma chini ya nyumba, ukikwaruza, ukinyamaza, ukivuma tena. Siku ya sita ukakoma. Jumwa alilia kwa furaha, akapika wali wa nazi.

Siku ya saba, saa sita mchana, jua la utosi, Mwarandu ameketi mbele yake na kitambaa kinywani, Kaviha anacheza na vifuu mlangoni, Jumwa akaisikia sauti ya mumewe, ile ile ya mapenzi, ile anayomwitia mtoto akirudi na zawadi, ikitoka kule mikokoni kwenye mkono wa bahari, ikisema, "Kaviha! Njoo kwa baba!", na akamtazama mumewe, na midomo yake ilikuwa imefumbwa juu ya kitambaa, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, kwa maana naye alikuwa amesikia.

Kaviha alikuwa na miaka mitano na adabu zake zote. Baba akiita, huitika papo hapo. Akainua kichwa, akavuta pumzi.

"Usiitike!" Jumwa alipiga ukelele, akamrukia, akamziba kinywa.

Sauti ikaita mara ya pili. Mtoto alikuwa akijipinda, ananguruma kiganjani, meno yanatafuta vidole vya mamake. Mwarandu akakitoa kile kitambaa mdomoni mwake mwenyewe, akakitupa.

"Mshike hivyo hivyo," alisema. "Usimwachie."

Kisha akasimama wima, akaielekea mikoko. "Naam!" akaitika. "Ni mimi uliyeniita. Ni mimi ninayekuja."

Akatoka. Alitembea bila kugeuka, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Jumwa alitaka kumkimbilia na hakuweza, kwa kuwa damu ilikuwa ikimtiririka vidoleni na Kaviha alikuwa bado anapigana na kile kiganja, anataka kumwitikia baba yake.