Mkanda wa Marehemu Kolton

Mazoezini, tableti ilimwonyesha Maren, mhudumu wa afya wa timu, mioyo miwili kwenye mkanda mmoja wa kifuani wa kupimia mapigo: wa mdogo wake Wyatt, uliokuwa ukienda mbio, na mwingine uliopiga polepole, kama wa mtu asiye na haraka.

"Kocha, mtoe Wyatt. Mkanda unasoma watu wawili."

"Mashine imechanganyikiwa, bibie. Kesho fainali, usituletee mkosi!"

Mkanda ulikuwa wa Kolton, mchezaji mwenzao aliyevunjika shingo na kufa kwenye barafu hiihii ya uwanja wa hoki mwezi Januari. Tangu Wyatt aurithi, timu haijafungwa, na jimbo zima la Saskatchewan linajua kwamba timu inayoshinda haifui hata soksi, isije ikafua bahati yake. Hakuna aliyeufua mkanda, wala kufuta jina la marehemu kwenye mashine. Maren ndiye aliyemfunga mdogo wake mkanda huo, kwa mikono yake mwenyewe.

Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda uwanjani. Wyatt akageuka, akamtwanga mwenzake kwa gongo la hoki mdomoni, meno yakaruka. Akamkalia na kumponda ngumi, huku kwenye tableti moyo wa Wyatt ukififia na ule mwingine ukipanda, ukipanda, na Maren akikimbia juu ya barafu na viatu vyake vya kawaida, akianguka, akitambaa kwenye damu iliyokuwa ikiganda, hata akamfikia na kumshika shingo kwa nyuma.

"Dada," Wyatt akanong'ona, machozi yakimtoka. "Nitoe. Ananivaa."

Kisha sauti nzito ikatoka koo lilelile: "Sijamaliza mazoezi yangu."

Huyu alikuwa mdogo wake wa pekee. Akachomoa mkasi wa bandeji, akaupenyeza chini ya mkanda uliokwisha kuzama nyamani, akakata, akavuta kwa nguvu zake zote, na ngozi ikatoka nao, na kitu kikapiga ukelele ndani ya kifua cha Wyatt hadi vioo vya uwanja vikapasuka. Akautupa mbali. Wyatt akakohoa, akaanza kupumua.

"Umepona, wangu. Umepona," Maren akalia, amemkumbatia.

Nyuma yake akasikia vishindo. Wachezaji walikuwa wanaugombania mkanda, wanang'atana, wanakanyagana kwa vyuma vya viatu vyao vya kutelezea, na kocha akiwa katikati yao. Nahodha Lachlan akaibuka nao, sikio moja likining'inia.

"Lachlan, utupe! Unaua huo!"

"Mechi tisa, Maren," akasema, akiufunga fundo juu ya kifua kitupu, na ngozi ya Wyatt bado imeugandia. "Tisa, hatujafungwa."