Miche Sita Iliyozidi

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, sisi wanafunzi wa chama cha mazingira hapa Gazi huenda kwenye kitalu cha mikoko kung'oa magugu. Ufunguo wa lango huwa kwa Kadzo, msichana mpole wa Gredi ya Saba aliyehamia hapa mwaka jana kutoka Kilifi. Mwalimu Rashad alimpa yeye kwa sababu hakosi siku. Wako ambao hawakupendezwa.

Jumatano hiyo Hadiya, mwenyekiti wetu, alihesabu miche, akairudia tena. Kisha akamkazia macho Kadzo.

"Jana uliingia humu?"

"Ndiyo. Mwalimu alinituma nikapande ile mistari iliyoharibika."

"Ulichukua mingapi?"

"Hamsini na minne."

"Ilitakiwa arobaini na minane. Sita umeipeleka wapi?"

Shamba letu, tunakohamishia miche ya kitalu, lina mistari mitano, na linapanuka kuelekea baharini kama kipande cha mkate wa sinia. Kila mstari unauzidi ule wa nyuma yake kwa idadi ile ile. Wa kwanza una miche minane, wa tano ishirini na minane. Wiki iliyopita ngalawa ilikatika kamba, ikaja kuilalia mistari mitatu ya katikati. Haukusalia hata mche mmoja.

"Kutoka nane hadi ishirini na nane ni ishirini," Hadiya alisema. "Mistari ni mitano, kwa hivyo kila mstari unaongeza nne. Kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Jumla arobaini na nane. Hesabu haina uongo, Kadzo."

"Na mimi nilimwona jana jioni!" Abubakar alidakia. "Amebeba mfuko unadondosha matope. Nikajiuliza, huyu ana nini humo?"

"Ilikuwa sare yangu," Kadzo alisema, sauti haisikiki vizuri.

"Sare! Sare siku hizi inaota mizizi?"

Wengine wakacheka. Kwenda shambani kuhesabu haikuwezekana. Maji yalikuwa yamejaa, hata jani halionekani. Hadiya akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Kadzo akautoa. Alijua kesho shule nzima itamwita mwizi.

Mara Mwalimu Rashad akaingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona kama mko matangani?"

Hadiya akamweleza yote. Mwalimu akamtazama Kadzo kwa muda mrefu, na ilionekana hata yeye ameingiwa na shaka. "Kadzo, una la kusema?"

Kadzo aliinama akitazama mchanga. "Mwalimu... Hadiya aendelee kidogo tu. Mstari wa nne ameupa ishirini. Wa tano je?"

"Ishirini na nne," Hadiya alijibu haraka.

"Na kule shambani wa tano una mingapi?" Mwalimu aliuliza.

"Ishirini na minane," Hadiya alisema polepole.

Mwalimu akaokota kijiti, akachora mistari mitano mchangani. "Simama wa kwanza, Hadiya. Ruka mpaka wa tano. Nyinyi hesabuni."

Hadiya akashika sketi, akaruka. "Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

"Mistari mitano, miruko minne. Nyongeza iko kwenye mruko. Haya, ishirini gawa kwa nne?"

"Tano!"

Abubakar akahesabu kwa vidole. "Kumi na tatu, kumi na nane, ishirini na tatu..." Sauti ikapungua. "Hamsini na nne."

"Wewe ulijuaje, Kadzo?" Mwalimu aliuliza.

"Nilijaribu kuongeza nne nne, haikufika ishirini na nane. Nikajaribu tano tano, ikafika."

Kesho yake maji yalipokupwa tulikwenda sote shambani. Tukahesabu miche mipya. Hamsini na mitatu.

"Eh! Mmoja je?" Abubakar alisema, na wallahi macho yakarudi kwa Kadzo.

Kadzo alionyesha kidole tu. Kando ya kishina cha mche kilichokatwa kulikuwa na kaa mwekundu, anaburuta jani kwenda shimoni kwake.

Tulicheka mpaka Abubakar akajificha nyuma ya Mwalimu. Hadiya hakucheka. Alitoa ufunguo mfukoni, akamwekea Kadzo mkononi. "Niwie radhi, mwenzangu."

"Nimekuwia."

"Hesabu haina uongo, kweli," Mwalimu alisema, "lakini anayehesabu hukosea. Kabla hujamwita mwenzako mwizi, ifikishe hesabu yako mpaka mstari wa mwisho uone kama inakubali. Hata mimi jana niliwahi kushuku. Matope ya sare yanatoka kwa sabuni, Abubakar. Ya jina la mtu hayatoki upesi."