Mimi Si Mgonjwa Wako

Lifti ya hospitali ilikwama, watu kumi wamebanana kama njiti za kiberiti. Fundi alipoifungua, wa kwanza kumvuta nje alikuwa daktari mwenye gauni la kijani na koti jeupe. Alama ya grisi ikabaki kwenye mkono wa koti.

"Umeniharibia koti, bwana we!"

"Nipe nikalifue. Na namba ya simu, nijue pa kulirudisha."

Basi, wajukuu zangu, miezi saba baadaye walikuwa chanda na pete.

Ila daktari alikuwa na ugonjwa wake. Kwenye semina walimfundisha kusema na mgonjwa mahututi: mtazame machoni, inamisha kichwa, sema unaelewa. Akayakariri kama jedwali la kuzidisha. Alipokosa kwenda kujitambulisha kwa mama wa fundi mara ya tatu, fundi alipiga simu anawaka.

"Mama amekaa mlangoni tangu asubuhi!"

"Naelewa unavyojisikia, mpenzi."

"Unaelewa nini?"

"Nasikia kwamba una hasira..."

"Usinitibu! Mimi si mgonjwa wako." Akakata.

Daktari akarudi wodini amevimba. Kwenye kitanda cha tisa alilala mshonaji mzee, saratani imeshafika mifupani, hataki dawa wala maneno. Daktari akainamisha kichwa.

"Naelewa, mama..."

"Kitendawili," mzee akamkatiza.

"Tega."

"Ana masikio mawili, hasikii."

"Sufuria."

"Wewe."

Daktari akajibwaga kitini. "Basi sielewi! Sijawahi kuumwa hata jino. Sijui unaogopa nini. Niambie, mama."

Mzee akanyoosha kidole juu. "Naogopa kufa nikitazama dari hilo. Wiki mbili nimelala chali, hakuna aliyeuliza."

Daktari akasukuma kitanda mwenyewe hadi dirishani. Mzee akamshika kidole, hakukiachia upesi.

Alipotoka koridoni, akapiga simu.

"Nimekosa. Na sielewi kilichokuuma zaidi. Niambie."

Upande wa pili fundi akashusha pumzi. "Nilishamwambia mama nakuoa. Wewe sijakuuliza."

"Si uulize!"

"Kwenye simu?"

"Upesi, wodi inaningoja."

"Utanikubali?"

"Nimekubali, mpenzi. Ila jioni pia siji. Bibi wa kitanda cha tisa kaniomba nikae naye."

Fundi akasonya, msonyo mrefu wa mtu aliyeshindwa.

"Haya, kaa naye. Mama namleta mimi huko."