Mapigo Mia na Thelathini na Moja

Bibi kizee alikutwa kitandani Jumapili asubuhi, maiti.

"Amekufa jana adhuhuri," daktari wa polisi alisema nyuma ya barakoa. "Mapafu yameoza. Kahangaika siku tano huyu."

Inspekta alitazama glasi kavu kando ya kitanda.

Mwana wa marehemu, aliyeishi naye, alifoka mlangoni. "Mkamateni yule muuguzi! Kazi ni kusoma namba tu, nayo imemshinda!"

Muuguzi alifuatilia wagonjwa hamsini wa janga lile majumbani kwao. Kila mmoja alibana kipimo cha oksijeni na mapigo kidoleni, nacho kikatuma namba hospitalini saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Akipatikana na uzembe, jela ilikuwa ikimsubiri. Alimpa Inspekta orodha ya namba za marehemu.

"Oksijeni tisini na nane kila siku, afande. Ningetuma gari la wagonjwa kwa lipi?"

Inspekta alishuka na orodha hadi Jumamosi, saa kumi jioni. Oksijeni tisini na nane. Mapigo ya moyo mia na thelathini na moja. Maiti gani huyo?

"Hapa hukushtuka?"

"Nilipiga simu. Mwanawe akasema mama kakurupuka usingizini. Nilisikia vigelegele. Akadai ni redio."

Inspekta alirudi kwa mwana.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Harusini kwangu."

"Ukifanya nini?"

"Nacheza."

"Na kipimo cha mama yako kidoleni."

Jamaa akabwaga yote.

"Wangemchukua, na mimi wangeniweka karantini. Harusi tumeahirisha mara mbili, afande! Watu walishaanza kunicheka."

"Ukaenda kuwakumbatia wageni na ugonjwa wako. Ulijua amekufa?"

"Nilipotoka alikuwa anakoroma."

Inspekta alitamani kumtemea mate.

"Mwenyewe hakuuliza kitu?"

"Kila asubuhi alininyooshea kidole. Nampima, naona namba mbaya, nakivua kabla hakijatuma, nakivaa mimi. Halafu namwambia hospitali wamesema anaendelea vizuri."

"Naye?"

Bwana harusi aliinamisha kichwa.

"Aliniambia niwape asante."

Inspekta alimrushia konstebo pingu. "Mfunge wewe," alisema. "Mimi huyu simgusi."