Maganda ya Kibanja cha Mama

Ndani ya mwili wa Bi Kokugonza, maganda ya ndizi yalikuwa yakiwaka. Si utani. Kwenye kioo cha hospitali mjini Bukoba, ini lake lilionekana lina vimulimuli vya buluu. Hizo ni punjenuru, chembe za kaboni ndogo hata chawa angeziita vumbi. Maganda hupikwa kwa mvuke mkali mpaka yawe chembe, kisha chembe hubebeshwa dawa. Zikifika penye saratani hunasa, huwaka, hutua mzigo.

Aliyezibuni ni binti yake, Dkt. Asimwe.

"Mbona leo nawaka kama kibatari kilichoishiwa mafuta?" mama aliuliza.

"Maganda ya safari hii ni dhaifu, Mama."

"Dhaifu, au yana njaa?"

Kwa miaka mingi roboti za Asimwe, zoazoa, zilipita Kagera nzima zikibeba maganda, majani na vigogo vya migomba. Kwenye kibali cha kuvizoa aliviita takataka. Usomi nao una vituko: Mhaya mzima, aliyekua akitumwa kumwaga maganda shinani, anaita chakula cha mgomba takataka! Vibanja, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vikakonda, na punjenuru zikafifia.

Kimoja tu kilikuwa bado kinanona, cha Bi Kokugonza mwenyewe. Zoazoa ikikanyaga pale, aliifukuza kwa mwiko.

"Nipe maganda yako, Mama. Utapona."

"Kibanja hicho usikiguse. Baba yako amelala humo, na bibi yako."

"Nitachukua kidogo tu."

"Mwizi wa ndizi huanza hivyohivyo, mwanangu."

Mama alipozidiwa, Asimwe alizituma zoazoa bila kumwambia. Kidogo hakikutosha. Zikabeba maganda, zikakomba majani yaliyofunika udongo, mwishowe zikang'oa mashina. Mama akadungwa, akidhani ni dawa ya siku zote. Kioo kikawaka buluu kali, na wiki kwa wiki kikazidi kuwa cheusi, kwa kuwa punjenuru hazikuwa na pa kunasa tena. Saratani kwisha! Wauguzi wakapiga vigelegele.

Asimwe alimrudisha nyumbani mwenyewe. Bi Kokugonza akashuka garini bila kushikwa mkono, akaenda wima mpaka kwenye makaburi mawili yaliyoachwa juani. Upepo ukapita, usipate jani la kutikisa.

"Mama, umepona," Asimwe alisema, kama anayeomba radhi.

"Nimepona, kweli. Hata kulima naweza." Akainama, akachota udongo, ukamponyoka vidoleni kama majivu. Hakupaza sauti. "Ila hapa si kibanja tena. Pamekuwa rweya, nyika ya kulishia ng'ombe. Na sisi hatuziki watu nyikani. Basi niambie, daktari: hii siku uliyoisogeza mbele, ikifika, utanilaza wapi?"