Bafu Lenye Kufuli

Siku ile mjinga alikuwa Mpiga Pasi, na ukimuuliza hakatai.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Yeye na jamaa zake, watu wa milimani, walipiga pasi. Watu wa ng'ambo, ambao rangi yao ilikuwa tofauti na ya wengine wote, walifua. Makundi yote mawili yalikuwa madogo, na wenyeji wengi waliyatazama kwa jicho la pembeni.

Asubuhi hiyo msimamizi alilitia kufuli bafu la wafanyakazi. Watu wa ng'ambo, alisema, watanawa kwenye bomba la uani. "Wana uchafu wao hao."

Watu wa milimani waliruhusiwa kuingia; aliwafungulia kwa ufunguo aliouweka mfukoni. Mpiga Pasi akavimba kichwa. Akampita Dada Mkubwa, mfuaji kutoka ng'ambo, akamtania:

"Dada, huko uani kuna hewa safi. Nakuonea wivu!"

Dada Mkubwa hakucheka, naye kwa kawaida ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Mchana wakakutana kwenye kukunja. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, kisha wanasogeleana mpaka vidole viguse vidole. Walipokaribiana, Mpiga Pasi akaona doa jekundu kwenye shuka jeupe.

"Dada, unatoka damu?"

"Ni ile dawa ya kutoa madoa, inababua vidole. Inataka maji mengi na sabuni, iondoke mkononi upesi. Bomba la uani linatoa matone tu, kama mtoto anayedeka." Akavuta pembe zake. "Lakini si ndivyo mlivyotaka?"

"Sisi nani?"

"Nyinyi wa milimani. Msimamizi kasema mmelalamika kuwa tunanuka."

Mpiga Pasi akaliachia shuka. "Makubwa! Sisi katukataza lugha yetu kazini, akatuambia nyinyi ndio mlioomba. Eti mnaogopa tunawasengenya."

"Lugha yenyewe siijui! Nitajuaje kama nasengenywa?"

"Tunakusengenya kidogo tu, dada."

Hapo Dada Mkubwa akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiwiko.

Mpiga Pasi akaona haya. "Nisamehe kwa maneno ya asubuhi. Ngoja nikamvae huyo mtu sasa hivi."

"Tulia, mdogo wangu. Ukienda peke yako, atasema wewe mkorofi. Mimi nikijisemea, atasema najitetea. Twende wote, wafuaji na wapiga pasi. Wewe sema habari ya bafu letu, mimi nitasema habari ya lugha yenu. Tena kwa adabu. Tuseme alichotuambia, nani ameumia, na tunataka nini."

"Na akitufukuza?"

"Mmoja mmoja atatufukuza. Wote pamoja, mashuka atakunja na nani?"

Jamaa za Mpiga Pasi walinung'unika. "Bafu tunalo," alisema mjomba wake. "Balaa la nini?" Mpiga Pasi hakubishana naye. Akalikunjua lile shuka lenye damu, akawaeleza jinsi kila upande ulivyosingiziwa kwa mwenzake. Mjomba akakohoa, akavaa viatu, akatangulia.

Leo bafu lile halina kufuli. Vidole vya Dada Mkubwa vimepona, na kwenye pasi watu wanapiga soga kwa lugha wanayoitaka. Dada mwenyewe ameshaokota maneno ya milimani, mengi yasiyofaa mbele ya wakwe. Lakini haikuja bure. Walipofika wote mlangoni na kusema yao, msimamizi aliwatazama, akamnyooshea Mpiga Pasi kidole.

"Wewe si umeruhusiwa? Mambo ya hawa yanakuhusu nini?"

"Yananihusu, bosi. Waliofungiwa leo ni wao, lakini ufunguo bado uko mfukoni mwako."