Kipimo cha Saa Tatu Asubuhi

Watu walikuwa wamejaa mbele ya lifti kama kila asubuhi, kila mmoja na haraka zake, pale soli ya kiatu cha kijana mmoja mrefu ilipoamua kuachana na kiatu chenyewe. Ilibanduka kuanzia vidoleni mpaka katikati ya unyayo, na kila akipiga hatua ikawa inapiga sakafu paa, paa, paa, watu wanageuka. Akajaribu kuburuta mguu. Ikawa mbaya zaidi. Mwishowe akakivua, akakishika mkononi, akabaki amesimama na soksi moja ya bluu juu ya marumaru.

Mlango wa tatu kushoto ulikuwa wa duka la viatu vya kiume. Kwenye mlango huo alisimama mwanamke aliyevaa aproni ya ngozi juu ya gauni la kijani, penseli kaichomeka kwenye nywele, anamtazama bila huruma hata kidogo.

"Ingia ndani," alimwambia, "kabla hujatupigia ngoma jengo zima."

Jengo zima lilimwita Fundi. Duka lilikuwa la mjomba wake, ambaye siku hizi alikaa kaunta akisoma gazeti na kusifia tai za wateja, lakini mkono uliokata ngozi, uliovuta uzi na kupiga nyundo ulikuwa wa mpwa wake. Mawakili wa ghorofa ya sita walishuka kwa ngazi, lifti wakiiacha, ili tu watu waone walichovaa miguuni.

Fundi alikigeuza kile kiatu, akakinusa, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Nani alikuuzia hiki?"

"Kilikuwa kinang'aa."

"Hata sufuria inang'aa. Utaivaa?"

Nyuma ya gazeti, Mjomba alicheka mpaka kurasa zikatikisika.

"Hii ni gundi tupu, kaka yangu. Hakuna uzi hata mmoja. Na hii siyo ngozi, ni plastiki imepakwa rangi. Halafu ona kisigino, kimelika upande wa nje. Wewe unakanyagia nje. Unafanya kazi gani?"

"Mpima ardhi. Miaka saba nimekuwa porini na raba zangu. Juzi wamenipandisha cheo. Siku mbili nakaa na wateja ofisini, siku tatu narudi kwenye tope. Wameniambia nivae kiheshima lakini bila suti." Akajikuna kisogo. "Sasa hiyo heshima bila suti ndiyo imenifikisha hapa."

Fundi alicheka, na hakuwa na mazoea ya kucheka na wateja kabla ya chai. Akamtembeza kwenye rafu. Vile vyeusi vya kamba, vilivyochongoka mbele, ni vya suti na mazishi, aviache. Moka za kahawia hafifu ni nzuri kwa mtu wa mezani, lakini tope litaingia mpaka kwenye soksi. Yeye anahitaji buti fupi inayoishia kwenye kifundo, ngozi ya kahawia iliyokoza, soli ya mpira iliyo nyembamba isije ikamfanya aonekane mlinzi.

"Na suruali ya kadeti na shati lililopigwa pasi, unaingia kikaoni hakuna wa kukuuliza. Ukishuka kiwanjani, buti hazikulalamikii. Shika hapa. Kunja."

Akaikunja ngozi kwa dole gumba. Vikatokea vimikunjo vidogo vidogo, na alipoachia vikapotea.

"Umeona? Mbaya ingebaki na kovu. Na hapa soli imeshonwa kwa uzi uliotiwa nta. Ikiisha naing'oa, nakuwekea nyingine. Ila usizivae siku mbili mfululizo, zinahitaji kupumua kama wewe."

Wateja wengi humsikiliza fundi huku wanachezea simu. Huyu alisikiliza kwa makini kama anayeonyeshwa mpaka wa shamba, macho kwenye ngozi, kisha kwenye mikono yake yenye madoa ya rangi, kisha usoni. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Fundi alihisi joto shingoni akajifanya anatafuta utepe.

Ukutani palibandikwa maandishi ya Mjomba: VIPIMO NI KUANZIA SAA KUMI JIONI. MTEJA ASIMAME. Fundi ndiye aliyekuwa akiwaeleza wateja sababu, kwamba mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mtu akisimama unyayo unatanuka. Waheshimiwa kadhaa aliwarudisha kwa kauli hiyo. Saa ya ukutani ilisema tatu na robo asubuhi.

"Kaa hapo," alimwambia Mpimaji. "Vua na hicho kingine."

Mjomba alishusha gazeti, akatazama saa, akamtazama mpwa wake, akalipandisha tena.

Fundi alivuta droo ya juu atoe karatasi mpya. Mpimaji akaona karatasi kubwa zilizojaa nyayo za penseli, nyayo kubwa, ndogo, nyingine za mtoto.

"Hawa wote ni nani?"

"Kila nyumba ina karatasi yake moja. Baba, watoto wakikua, na mke akija naye anachorwa pembeni."

"Lakini mnauza viatu vya kiume tu."

"Mwambie Mjomba. Yeye anasema karatasi ya miguu ya baba peke yake inamtia huzuni."

"Yangu itamuua, basi," Mpimaji alisema, na penseli ikamteleza Fundi kwenye kidole kidogo.

*

Buti zilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo Mpimaji alipita dukani kuuliza kama ngozi imefika, kama uzi umefika, na mara moja kama mvua imefika. Siku ya kuzijaribu, asubuhi na mapema, aliinuka, akatembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Zinakubana?"

"Zimenikaa kama nimezaliwa nazo."

Fundi alizitazama na moyo ukamjaa. Alikuwa ameshona buti nyingi maishani lakini hizi mshono wake ulikwenda sawa kama mstari wa daftari. Jioni hiyohiyo walikwenda kukaa kwenye benchi la bustani nyuma ya jengo, na kutoka hapo ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Buti zinasemaje?"

"Zinakusalimia."

"Unazivaa kweli?"

"Kila zamu yake ikifika, laazizi. Bosi wangu ameniuliza nimezitoa wapi."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia duka lipo, lakini fundi ameshachukuliwa."

Jioni za benchi alikuja na raba, akisema ametoka kwenye tope hataki kuchafua buti. Fundi aliliona hilo kuwa adabu. Alipomwambia mama yake kuwa kuna mtu, mama aliuliza swali moja tu.

"Anasema kweli?"

"Mama, huyo amenyooka kama rula."

"Basi mlete Jumapili."

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, Fundi alimtaka alete buti azipake mafuta, asimame mbele ya mama akipendeza. Mpimaji alisitasita, akasema ziko safi. Fundi akashikilia. Mpimaji akazileta saa sita mchana, duka limejaa. Wakili wa ghorofa ya sita kakaa kitini na kiatu kipya mguu mmoja, wenzake wawili wanamsubiri atoe uamuzi.

Fundi alizipokea akitabasamu. Akaingiza mkono ndani, kama anavyofanya siku zote, na tabasamu likaisha. Pale kidole kikubwa kinapolala palikuwa pametuna mbele mno. Mikunjo ya ngozi ilikuwa imeshuka chini ya mahali pake. Akageuza. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa ndani.

"Nani anavaa buti zangu?" aliuliza taratibu.

"Mimi."

"Wewe unakanyagia nje. Huyu anakanyagia ndani. Na si mara moja wala mbili, ni wiki nzima nzima. Nakuuliza tena, mpenzi. Nani?"

Mpimaji alimtazama, akawatazama wale mawakili. Wakili wa kitini alikuwa ameacha kuongea, mguu wenye kiatu kipya umebaki hewani.

"Nilimpa kaka yangu," alisema. "Nisamehe."

"Ukanipigia simu kila siku kuniambia umezivaa."

"Ndiyo."

"Nilishona hizo buti kwa wiki tatu. Nilikuwa naimba nikishona, muulize Mjomba." Sauti ilimtetemeka akaichukia. "Kama hukuzitaka ungesema. Nenda zako tafadhali. Nina wateja."

Akaenda. Raba zake hazikutoa hata sauti kwenye marumaru.

Jumapili, Fundi alimwambia mama yake kuwa mgeni amepata safari ya ghafla. Ulikuwa uongo, tena wa mchana kweupe. Simu iliita mara nne, haikupokewa. Kwa siku tisa alipiga nyundo kwa nguvu hivi kwamba Mjomba alihamisha kiti chake karibu na mlango.

*

Siku ya kumi aliingia mwanamume mpana, chaki mikononi, anakanyagia ndani. Fundi alimjua kabla hajamtazama usoni.

"Shikamoo, Mjomba. Shemeji, mimi ndiye mwizi wa buti," alisema. "Ni mwalimu, nasimama ubaoni kutwa. Nimetumwa na nafsi yangu. Yeye akijua nimekuja hapa atanipima kaburi."

"Sema."

"Asubuhi zinamkaa vizuri. Ikifika saa nane anazivua chini ya meza. Saa kumi anatembea kama kakanyaga makaa. Kapata malengelenge vidole viwili, nimemfunga bandeji mwenyewe. Nikamwambia, mwambie fundi wako. Akasema, nimwambie nini? Mwanamke amekaa wiki tatu na sindano kwa ajili yangu, anaziangalia kama mtoto wake, nimwambie haziingii? Akanipa nizitanue, mimi mguu wangu umezidi wake. Kila jioni ananiuliza, zimelegea? Mimi nasema bado, kwa sababu, shemeji, ni buti nzuri mno, zilinishinda kuvua."

Mjomba alikohoa kuficha kicheko. Fundi hakucheka.

"Siku ile mbona hakusema?"

"Si alikuta wateja? Aliniambia mmoja kavaa kiatu chako mguu mmoja, hajaamua. Akaona heri yeye aonekane mwongo kuliko wewe uonekane hujui kupima."

Mwalimu alipoondoka, Fundi alivuta droo ya juu. Karatasi ya Mpimaji ilikuwa juu kabisa, nyayo mbili peke yake katikati ya weupe, na kando kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe: saa tatu na robo asubuhi, ameketi. Alisimama palepale karatasi mkononi. Miaka kumi na moja hakuwahi kumpima mtu namna hiyo.

"Mjomba! Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na hukuniambia kitu?"

"Nilitazama saa, nikakutazama na wewe. Uliniona?"

"Hapana."

"Basi ungenisikia?"

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo furaha ilikuwa inamtekenya akashindwa kuizuia. Akachukua simu. Iliita mara moja tu.

"Fundi?"

"Kesho, saa kumi jioni. Ukija asubuhi sikupimi."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

"Nije na mguu upi?"

"Yote miwili, tafadhali. Bandeji uitoe."

*

Alikuja saa kumi kasoro, shati jeupe, suruali ya kadeti, na raba. Fundi alitandika karatasi ileile sakafuni, akamwambia asimame. Akapiga magoti, akazungusha penseli taratibu nje ya mchoro wa zamani. Mstari mpya ulipita ule wa kwanza kwa upana wa ukucha. Ukucha mmoja tu, na mtu alikuwa ametembea nao wiki nzima kwa ajili yake.

"Ulinidanganya," alisema bila kuinua kichwa.

"Nilikudanganya. Nimejuta tangu simu ya kwanza."

"Kitu kikikubana, niambie. Hata kama nimekishona mimi. Hasa kama nimekishona mimi."

"Nitakuambia. Na wewe nieleze jambo moja. Sheria iko ukutani, herufi kubwa. Kwa nini siku ile hukuniambia nirudi jioni?"

Penseli ilisimama kwenye kisigino. Fundi angeweza kusema duka lilikuwa na watu wengi. Angeweza kusema lolote.

"Niliogopa hutarudi."

Mpimaji alichuchumaa pale karatasini, akamtoa penseli vidoleni.

"Simama. Vua kiatu."

"Mimi sivai viatu vya kiume."

"Mjomba," Mpimaji aliita, "hii karatasi moja ni ya nani tena?"

"Ya nyumba moja," Mjomba alijibu bila kushusha gazeti, ingawa lilikuwa limegeuka juu chini.

Fundi aliitazama karatasi. "Unajua unachotaka kuchora?"

"Najua. Kupima ndiyo kazi yangu."

"Ukikosea?"

"Kazini kwetu ukikosea hukihami kiwanja. Unarudi na kamba, unapima tena."

Fundi akavua kiatu. Akaweka mguu wake pembeni ya ule mkubwa wa Mpimaji, na penseli ikaanza kuuzunguka polepole, ikamtekenya kwenye kifundo, akacheka huku anafuta machozi kwa aproni. Alipomaliza, Mpimaji alimrudishia penseli. Fundi akaubandika mkono kwenye bega lake apate kutulia, akainama, akafuta maandishi ya zamani, na juu ya ile karatasi akaandika: saa kumi na robo jioni, wamesimama.